Gitaa la Kwanza: Kavu au la Umeme?

*Mwanagenzi wa Thika na Ruiru hupewa mashauri yanayopingana kabla hajaligusa gitaa lake la kwanza. Makala haya yanazichunguza hoja za kila upande, na yale ambayo pande zote mbili huyasahau.*

Ukutani mwa chumba kimoja cha ploti ya ghorofa mjini Ruiru limetundikwa gitaa jekundu ambalo mwenyewe, msichana anayesoma chuoni, alilinunua kwa akiba aliyoidunduliza muhula mzima, akalipiga kwa majuma machache huku akistahimili maumivu ya ncha za vidole kwa kuambiwa kuwa hiyo ndiyo ada ya kila anayeanza, na mwishowe akaliweka hapo juu kwa kusadiki kwamba Mwenyezi Mungu hakumjaalia kipaji cha muziki.

Tulilishusha tukalilaza mezani. Kalamu ya risasi ilipita baina ya nyuzi na shingo, karibu na pale shingo inapoungana na sanduku, bila ya kugusa juu wala chini. Na kalamu ya risasi ina unene wa milimita saba hivi, ilhali katika gitaa la nyuzi za chuma lililotengenezwa vyema nafasi hiyo, ikipimwa kwenye freti (kijiti cha chuma kilichokingama shingoni) ya kumi na mbili, huwa baina ya milimita mbili na tatu.

Kosa, basi, halikuwa katika vidole vya msichana yule. Hata mpigaji aliyezeeka katika kazi angalitoka jasho kuzikandamiza nyuzi zilizoinuka kiasi hicho, na sauti ambayo angaliipata baada ya taabu yote ile ingalikuwa imepinda, kwa kuwa uzi unaovutwa mbali ili ufike kwenye freti hukazika na kupanda juu ya sauti yake ya haki.

Duka lililomuuzia halikumwambia neno juu ya urefu wa nyuzi. Rafiki zake, kwa upande wao, walikuwa wameshughulika na suala jingine kabisa, lile ambalo aghalabu ndilo la kwanza kuulizwa katika njia hii ya Thika: je, anunue gitaa kavu ama la umeme?

Nchi ya wapiga magitaa

Si ajabu kwamba suala hili huulizwa hapa kwa shauku. Safari fupi ya matatu kutoka Thika, katika kaunti jirani ya Murang'a, iko Gatanga, ambayo imetoa wapigaji na waimbaji kwa wingi usiolingana na udogo wake: Daniel Kamau, ajulikanaye na wote kwa jina la DK, Peter Kigia, na marehemu John De'Mathew, aliyefariki katika ajali ya gari usiku wa tarehe 18 Agosti 2019, karibu na hoteli ya Blue Post, mlangoni mwa mji wa Thika.

Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, aliyeaga dunia mwezi Oktoba 2018, alikuwa amekwisha kuutandikia muziki wa Kikuyu njia pana kabla ya wengi wao. Katika rekodi za kizazi hicho gitaa la solo humjibu mwimbaji, likayakariri aliyoyasema, na pengine likaongeza yale ambayo mdomo umeyaficha, huku besi ikitembea chini kwa hatua zilizo dhahiri kiasi kwamba mtoto aweza kuzifuata kwa kichwa.

Kisha, katika miaka ya 1990, wakati bendi kubwa zilipokuwa zimekuwa ghali kuziajiri, ikashika nguvu mugithi ya mtu mmoja na gitaa lake. Mpigaji huketi au husimama peke yake, mashine ikimpigia ngoma nyuma, naye akapitia nyimbo za Kamaru na za DK moja baada ya nyingine bila kituo, na watu wakashikana mabega wakajipanga mfano wa mabehewa ya gari moshi. Mike Rua na marehemu Salim Junior walilikuza jina la kazi hii, na hadi leo vilabu vya barabara ya Thika hulipa wapigaji wa namna hiyo mwisho wa juma.

Ongeza juu ya hayo makanisa, ambayo takriban kila moja lenye vijana sasa lina kikundi cha kuongoza sifa, na ndipo utakapofahamu kwa nini kijana wa mitaa ya Kihunguro au Makongeni hahitaji kutafuta mbali ili alione gitaa likipigwa. Anachokikosa ni mtu wa kumsaidia kulichagua.

Hoja za gitaa kavu

Wazee, na walimu wengi, hushauri gitaa kavu. Husema kwamba anayeanza na nyuzi ngumu atakuwa na vidole imara, kwamba chombo hicho hakihitaji kitu kingine chochote ili kitoe sauti, na kwamba giza likiingia kwa kukatika umeme, au tokeni zikiisha, muziki hauishi.

Historia iko upande wao. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Kongo, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi akipiga "Masanga" kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Na sahani ile ilipoenea Afrika ya Mashariki, wapigaji wa Kenya walikaa mbele ya gramafoni wakijiuliza ni watu wangapi waliokuwa wakipiga.

Katika nchi ya Wakisa, magharibi mwa Kenya, George Mukabi alijenga mtindo wa omutibo, ambamo gitaa moja hubeba besi na sauti ya juu kwa pamoja, na mwenzake hugonga chupa ya soda kushika mwendo. Mukabi aliuawa mwaka 1963, kijana bado, lakini hata sasa mpigaji anayeweza kuziiga nyimbo zake sawasawa huheshimiwa na wenzake.

Tena watu hao hawakuwa na vyombo vya anasa. Gitaa lililotapakaa kusini na mashariki ya Afrika wakati ule lilikuwa Gallotone, la bei nafuu, lililotengenezwa Afrika Kusini, ambalo huku kwetu lilizoeleka kwa jina la galatoni. John Lennon naye, kabla ulimwengu haujamjua, alianza na Gallotone kama hilo huko Liverpool. Wengine walipotaka kupandisha sauti walifunga kalamu ya risasi shingoni kwa uzi, ikawa ndiyo kapo yao.

*"Gitaa la bei nafuu si aibu. Aibu ni kumuuzia mwanagenzi gitaa lisilopigika."*

Hoja hizi nazikubali zote isipokuwa ile ya vidole. Kusema kwamba ni lazima mwanafunzi aumie ndipo ajue ni dhana iliyowaondolea muziki watu wengi kuliko uvivu. Sugu za vidole huja zenyewe kwa kupiga kidogo kidogo kila siku, na huja juu ya gitaa jepesi kama zijavyo juu ya gitaa gumu, tofauti ikiwa kwamba mwenye gitaa jepesi atakuwako bado zitakapokuja.

Hoja za gitaa la umeme

Vijana hujibu kwamba nyimbo wanazozipenda hazikupigwa kwa gitaa kavu, na katika hilo wana haki. Tangu Fundi Konde, mwana wa pwani aliyezaliwa mwaka 1924 na ambaye wengi humtaja kuwa Mkenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme, muziki wa miji yetu umekuwa ukipita katika waya. Solo ya muziki wa benga, iwe ya ziwani au ya Gatanga, inataka sauti inayokata na kudumu, ambayo sanduku tupu la mbao haliwezi kuitoa.

Aidha, ukweli ambao wazee hawaupendi ni kwamba gitaa la umeme ni rahisi zaidi kwa mkono. Nyuzi zake ni nyembamba: ule mwembamba kuliko wote huwa na unene wa sehemu tisa au kumi kati ya elfu moja za inchi, na wa gitaa kavu aghalabu ni sehemu kumi na mbili. Shingo yake ni nyembamba pia, na nyuzi zaweza kushushwa chini sana bila ya kupiga kelele. Mtoto wa miaka kumi, au mtu mzima mwenye mikono midogo, gitaa hili humfungulia mlango mapema.

Kuna jambo jingine ambalo halikuwako katika vijiji vya Mukabi, nalo ni ukuta wa ploti. Katika majumba ya kupanga ya Ruiru, ambako jirani husikia jirani yake akikohoa, gitaa kavu likipigwa saa nne za usiku linawafikia watu wa milango mitatu. Gitaa la umeme lisilotiwa waya halimsumbui hata aliyelala chumba kicho hicho, na likitiwa kwenye kifaa kidogo chenye hedifoni, mpigaji peke yake ndiye anayeusikia muziki wote. Kwa mfanyakazi wa kiwandani anayerudi nyumbani usiku, faida hii yapita nyingine zote.

Ila umeme una gharama zake. Gitaa peke yake halitoshi. Inatakiwa amplifaya, na waya, na umeme wenyewe, na fedha inayogawanywa mara tatu hununua gitaa duni kuliko ambavyo ingalinunua likiwa peke yake. Nimewaona vijana walionunua gitaa zuri na amplifaya mbovu kabisa, wakaisikia sauti yao ikitoka mfano wa nyuki ndani ya debe, wakakata tamaa wakidhani wao ndio wabaya.

Lile la tatu

Baina ya hayo mawili liko gitaa kavu lenye tundu la waya, na hili ndilo la mugithi na ndilo la kanisani. Ndani yake, chini ya daraja, kuna kijiti kinachohisi mtetemeko wa nyuzi, na ubavuni kuna kisanduku chenye betri ya volti tisa kinachoukuza mtetemeko huo kabla haujafika kwenye spika. Lapigwa kavu nyumbani, latiwa waya Jumapili.

Kwa mkazi wa Thika anayetaka kuimba na kujipigia mwenyewe, nadhani hili ndilo lenye akili zaidi, kwa sharti moja: lichaguliwe kwanza kwa ubora wake likiwa kavu. Magitaa mengi ya bei ya chini yametiwa kisanduku kile ili yapate mvuto, na fedha iliyokwenda kwenye kisanduku imetolewa kwenye shingo.

Nisiyasahau magitaa ya nyuzi za nailoni, ambayo asili yake ni Uhispania na ambayo umbo lake la leo lilitengenezwa na Antonio de Torres katika karne ya 19. Ni laini kwa vidole, ingawa shingo yake ni pana, na mtu mzima mwenye kupenda utulivu atafurahi nayo. Lakini, msomaji, usikubali abadan mtu akutilie nyuzi za chuma juu ya gitaa la nailoni. Nyuzi za nailoni huvuta kwa takriban kilo 40, na za chuma kwa zaidi ya kilo 70. Daraja litang'oka na ubao kuvimba, na kilichobaki kitakuwa pambo la ukutani.

Dukani

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na hapa ndipo ninapowalaumu washauri wa pande zote mbili, kwa kuwa hubishana juu ya aina hadi mnunuzi akaingia dukani, Thika au Nairobi, bila kujua namna ya kulikagua gitaa alilopewa mkononi.

Na alishike kwanza kichwani, alitazame kwa jicho moja kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani, jinsi seremala anavyoutazama ubao. Shingo iwe imenyooka, au imeinama mbele kwa kiasi kidogo tu. Ikiwa imepinda ubavuni, alirudishe bila maneno mengi. Mengi ya magitaa ya nyuzi za chuma yana ufito wa chuma ndani ya shingo unaoweza kukazwa ili kuirekebisha mbele na nyuma, lakini hakuna ufito wa kuondoa msokoto.

Kisha atazame daraja la gitaa kavu. Apitishe ukingo wa karatasi nyuma yake: karatasi ikiingia chini, gundi imeanza kuachia, nalo litaendelea kuinuka kila siku.

Baada ya hapo na apige kila uzi kwenye kila freti, mmoja mmoja, polepole, hata kama muuzaji anatazama saa yake. Palipo na mlio wa kukwaruza pana freti iliyoinuka au iliyolika. Na kwenye freti ya kumi na mbili aulinganishe uzi ulioshikwa na uzi huo huo ukiwa wazi: sauti iwe ile ile, ila ya juu. Ikipishana, gitaa hilo halitakubaliana na mwimbaji wala na gitaa jingine, hata likazwe namna gani.

Likiwa la umeme, azizungushe swichi zote huku likiwa limetiwa waya, autikise waya pale unapoingia. Mkwaruzo wa swichi ni vumbi, na husafishika, bali sauti inayokatika inataka fundi. Kukarabati tundu la waya si ghali, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

La mwisho ni vigingi vya kukazia. Alitune sawasawa, alipige kwa dakika kumi, alisikilize tena. Nyuzi mpya hulegea kidogo, hilo halina lawama. Lakini kigingi kinachoteleza katika vidole ni msiba wa kila siku, kwa sababu mwanagenzi hajapata bado sikio la kumjulisha kwamba kilichoharibika ni chombo.

*"Palipo na mlio wa kukwaruza pana freti iliyoinuka au iliyolika."*

Asiyejua kupiga na aende na anayejua. Katika kanisa lolote la mji yuko mpigaji ambaye, ukimpa nauli na chai, atakuja kwa furaha. Magitaa ya mtumba yasidharauliwe pia, kwa maana gitaa zee lililokwisha kupigwa miaka mingi na bado shingo yake imenyooka limeonyesha tabia yake, na hilo jipya halijaonyesha kitu.

Kulifurahia

Likishafika nyumbani, lisiwekwe chini ya mabati wala ndani ya gari lililoachwa juani, kwani joto hulainisha gundi. Na katika miezi mikavu ya Januari na Februari lifungwe mkobani. Nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kila baada ya kupigwa, maana jasho huzitia kutu.

Ama juu ya kujifunza, nina rai iliyo wazi. Vijana wetu hutumia miezi kwenye mazoezi waliyoyapata katika simu, yaliyopangwa na walimu wa Marekani na Uingereza kwa nyimbo ambazo hawakukua nazo, ilhali muziki wanaoujua kwa moyo wote unahitaji, kwa mwanzo, kodi tatu tu. Anayezijua kodi za G, C na D, na akapata kapo ya kuzipandisha hadi ifae sauti yake, aweza kuongoza nyimbo nyingi za sifa, na nyimbo nyingi za mugithi, kabla hajajua hata jina la nota moja.

Baada ya hapo achukue rekodi moja ya zamani ya Kamaru au ya DK, na asiifuate solo. Afuate besi kwanza, kwa uzi mmoja, hadi mguu wake ugonge wenyewe. Akiishika besi ataona kwamba rithimu imekwisha kujikalia mahali pake juu yake, na solo, iliyokuwa ikimtisha, ni mazungumzo baina ya hizo mbili. Anayetaka mafunzo ya darasani na mitihani anayo Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1944; lakini masikio yaliyofunzwa na Gatanga hayataletwa na darasa lolote.

Fundi yuko wapi?

Gitaa la msichana wa Ruiru lilipelekwa kwa fundi, naye alilipunguza daraja kwa tupa, akaukaza ufito wa shingo kidogo, akabadilisha nyuzi. Kazi ya alasiri moja. Lakini ilimbidi asafiri hadi Nairobi kumpata fundi huyo, na wengi wa wanunuzi hawajui hata kwamba kazi ya namna hii iko duniani.

Thika ni mji wa viwanda. Una mafundi wa mbao, mafundi wa chuma, mafundi wa redio, na vyuo vya ufundi vinavyowafundisha vijana kupima hadi sehemu ya milimita. Kurekebisha gitaa hakuhitaji maarifa yanayozidi hayo: tupa ndogo, rula ya chuma, bisibisi, gundi nzuri, kichomeo cha risasi kwa magitaa ya umeme, na mtu mwenye subira anayejua kupiga kodi tatu. Chuo kimoja tu kikiwapa wanafunzi wake wa useremala muhula mmoja wa kazi hiyo, na maduka yakakubali kwamba hakuna gitaa litakalotoka mlangoni kabla nyuzi zake hazijapimwa kwenye freti ya kumi na mbili, mabishano ya kavu na umeme yatabaki kuwa mazungumzo ya kupendeza ya watu ambao wote wanapiga.